Pamba Inayojitetea: Mbegu ya Nzega na Igunga Ilivyopata Kinga Yake

Ukitoka Dodoma kuelekea magharibi, ukaiacha Manyoni, ukapita Singida mjini na kuteremka mlima Sekenke, unaingia mbuga ya Wembere na wilaya ya Igunga. Mbele yake ni Nzega, na ndani ya wilaya hiyo ndimo lilimo shamba la mbegu la Mwanhala. Abiria wengi wa mabasi ya Mwanza huipita nchi hii wakiwa wamesinzia. Hata hivyo, kwa miongo mingi pamba ya Kanda ya Ziwa imeanzia huku. Mbegu iliyochaguliwa na watafiti wa kituo cha Ukiriguru ililetwa kwanza Mwanhala ikazidishwa, ikaendelezwa Igunga, ndipo ikapelekwa kwa wakulima wa Shinyanga, Mwanza na Mara. Uwanda wa kati ulipewa kazi hiyo kwa sababu udongo wake haukuwa na kuvu wa mnyauko fusari, na kwa sababu ukame wake, ambao wakulima wengi huulalamikia, ni kizuizi kwa magonjwa mengi ya mimea.

Ndani ya mbegu hiyo mna kitu ambacho mkulima hakioni hata akiipasua kwa kisu. Ni kinga ya kuzaliwa nayo dhidi ya bakteria mmoja ambaye, kabla ya miaka ya 1950, aliweza kulifuta shamba zima la pamba katika msimu mmoja wa mvua nyingi. Kinga hiyo ilikusanywa kutoka Uganda, Sudan, Nigeria na kwingineko, ikaunganishwa vizazi kwa vizazi na watu waliokuwa na daftari, penseli na bomba la kunyunyizia. Walijua kwamba inafanya kazi. Jinsi inavyofanya kazi ilikuja kujulikana zaidi ya nusu karne baadaye.

Tuanze na bakteria mwenyewe. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Xanthomonas citri pv. malvacearum. Madoa yake yalielezwa na George Atkinson huko Alabama, Marekani, mwaka 1891, na Erwin Smith akampa bakteria jina mwaka 1901. Mche ukiwa bado mchanga, majani yake mawili ya kwanza hutokwa na madoa ya mviringo yaliyolowa. Majani makubwa yakishatoka, madoa huwa na pembe, kwa kuwa mishipa ya jani humzuia bakteria asivuke. Ukilinyanyua jani juani, doa linapitisha mwanga kana kwamba limepakwa mafuta. Siku chache baadaye linakuwa jeusi. Kutoka hapo ugonjwa hushuka kwenye kikonyo na kuingia tawini. Tawi linakuwa jeusi na kuvunjika kwa upepo mdogo tu, na ndiyo sababu Waingereza waliuita mkono mweusi. Mwisho wake ni vitumba kuoza kabla havijapasuka.

Bakteria huyu husafirishwa na matone ya mvua yanayorushwa na upepo kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Msimu wa kiangazi huupitisha akiwa amejificha kwenye manyoya ya mbegu, au kwenye mabua na vitumba vilivyoachwa shambani. Amri ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno, ambayo kila mkulima wa pamba nchini anaijua, inawalenga hasa wadudu, lakini inamnyima bakteria huyu nyumba pia. Anayeacha maotea shambani anamhifadhia hadi mvua nyingine.

Pamba ilipiganiwa sana na watawala wa kigeni. Wajerumani waliitaka kiasi cha kupanga kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi mbuga ya Wembere ili wailime kwa umwagiliaji. Wahandisi walipima, Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, mpango ukaishia kwenye karatasi. Waingereza walikuja na njia nyingine. Mwaka 1921 waliunda Shirika la Kukuza Pamba la Dola, lenye kazi ya kupeleka wataalamu makoloni, na miaka ya 1930 kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilikuwa kimeanza kazi ya kuchagua mbegu. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilipata tawi la kwenda Mwanza mwaka 1928, na marobota ya pamba ya ziwani yakaanza kupita stesheni ya Dodoma yakielekea bandarini.

Adui wa kwanza kupata dawa ndani ya mbegu alikuwa chawajani, yule mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu hadi jani likajikunja kingo na kuwa jekundu. Huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell aligundua miaka ya 1920 kwamba mimea yenye nywele nyingi majani mwake haisumbuliwi naye. Alichagua aina iliyojulikana kama U4, na uzao wake ukaenea Afrika ya Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwemo. Kinga ya namna hii ni rahisi kuielewa. Jani huota likiwa na nywele zake, mdudu awepo asiwepo, na mkulima akilipapasa anazihisi.

Kinga dhidi ya bakteria haifanani na hiyo. Mmea ulio nayo na mmea usio nayo hukua sawa, hutoa maua sawa, na huzaa sawa, mpaka siku bakteria anapoingia kwenye jani. Ndiyo maana kuitafuta kulihitaji uvumilivu wa aina yake: mtafiti alilazimika kuuambukiza mmea ugonjwa kwa makusudi ili ajue kama unaweza kujitetea.

Nchini Sudan ndiko kazi hiyo ilikofanyika kwa bidii kubwa kuliko mahali pengine popote. Mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Gezira ulianza mwaka 1925, baada ya bwawa la Sennar kukamilika, na ulipanda pamba ya Kimisri yenye nyuzi ndefu ambayo haikuwa na kinga yoyote. Msimu wa 1930/31 mkono mweusi ulishusha mavuno vibaya sana. Mtaalamu wa Shirika la Pamba, R. L. Knight, akiwa kituo cha Shambat karibu na Khartoum, alianza kuzalisha pamba hiyo upya. Alichavusha pamba ya Kimisri kwa aina za kigeni zilizoonyesha uvumilivu, akaunyunyizia uzao maji yenye bakteria, akabakisha mimea michache iliyosimama, akaichavusha tena kwa pamba ya Kimisri, akarudia hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1939, yeye na mwenzake T. W. Clouston walichapisha matokeo ya jeni mbili za kwanza, wakaziita B1 na B2. Zilitoka kwenye pamba ya Uganda iliyoitwa B31.

Jambo hilo la Uganda lastahili kukumbukwa. Pamba ya Marekani ilikuwa imelimwa Uganda tangu mwanzo wa karne ya 20, katika nchi ya mvua nyingi ambako bakteria huyu hustawi, na wakulima walipanda mbegu itokanayo na mimea iliyobaki hai. Mimea dhaifu ilikufa kabla ya kuzaa. Knight alipokuja na hesabu zake alikuta sehemu ya kazi imekwisha kufanyika katika mashamba ya wakulima wadogo, na sijaona vitabu vingi vya historia ya kilimo vinavyowapa wakulima wale sifa yao.

Orodha ya jeni za B iliongezeka. Nyingine zilitoka kwenye pamba ya Asia, nyingine kwenye pamba ya visiwa vya Grenadine katika Karibi, nyingine kwenye pamba mwitu ya Afrika na kwenye oasisi ya Kufra, Libya. Knight aliona pia kwamba jeni moja peke yake mara nyingi haitoshi. B6 ikiwa peke yake haikutoa ulinzi wa kutegemewa, lakini ikiwekwa pamoja na B2 mmea ulikuwa karibu hauguswi kabisa. Fundisho hilo la kurundika jeni kadhaa ndani ya mbegu moja linafuatwa na wazalishaji wa mbegu hadi leo, katika mazao mengi.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kitovu kilihamia Namulonge, Uganda, chini ya Joseph Hutchinson, mwanasayansi aliyekuwa amejifunza ukoo wa pamba kwa miaka mingi huko Trinidad. Hapo ilichaguliwa Albar, kutoka katika pamba ya Allen iliyokuwa ikilimwa Nigeria, na ilichaguliwa hasa kwa kuwa iliuvumilia mkono mweusi. Uganda ilipata aina zake za BPA na SATU kutoka humo. Rhodesia na nchi jirani zilijenga kilimo chao cha pamba juu ya Albar. Ukiriguru nako damu ya Albar ikaunganishwa na aina za Mwanza zenye majani ya nywele, ili mmea mmoja uwe na kinga mbili: ile ya chawajani inayoonekana, na ile ya bakteria iliyolala. Kutoka katika ukoo huo zikatoka aina za UK. Tarakimu zinazofuata herufi hizo ni mwaka wa kutolewa: UK77, UK82, na UK91 iliyolimwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Sasa, kinga hiyo iliyolala huamshwaje?

Mwanga wa kwanza haukutoka kwenye pamba. Huko North Dakota, Marekani, Harold Flor alikuwa akichunguza kutu ya kitani, na katika miaka ya 1940 alionyesha kwamba kila jeni ya kinga katika mmea inalingana na jeni moja maalumu ya kimelea. Kimelea akiwa nayo, mmea humtambua. Akiipoteza, mmea haumwoni. Kisha mwaka 1963 mtafiti wa Hungaria, Zoltán Klement, alipiga sindano ya bakteria ndani ya jani la tumbaku. Sehemu iliyopigwa ilikauka ndani ya siku moja, na bakteria wakabaki wamefungiwa humo. Mmea ulikuwa umeziua seli zake wenyewe ili kuwanyima wavamizi njia.

Katika pamba, jambo hilo lilifuatiliwa kwa undani na Margaret Essenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, kuanzia miaka ya 1970. Bakteria wakiingia katika jani la pamba isiyo na kinga, huzaliana kati ya seli kwa siku kadhaa bila kipingamizi, na ndipo lile doa lililolowa hujitokeza. Katika jani lenye kinga, seli zilizo jirani na bakteria huanza kufa mapema, moja moja, na kuwa za kahawia. Kabla hazijaisha kufa hutengeneza sumu za jamii moja na mafuta ya asili ya pamba. Ukiliangalia jani hilo kwa darubini chini ya mwanga wa urujuanimno, seli zinazokufa hung'aa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Ni sumu yenyewe inayong'aa, na imejaa humo kwa wingi unaotosha kuwazuia bakteria wasizaliane.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kuwa la ajabu zaidi. Baadhi ya sumu hizo hupata nguvu kubwa zikipigwa na jua, na nguvu hiyo ingeweza kuziunguza seli nzima za jirani. Mmea una jibu. Seli za juu zinazolizunguka eneo la mapambano hujaa rangi nyekundu, ileile inayoyafanya matunda na maua yawe mekundu, na rangi hiyo huchuja mwanga unaoiamsha sumu. Kwa hiyo mkulima akiona kwenye jani la pamba vidoa vidogo vikavu vya kahawia vyenye wekundu pembeni, anaangalia vita ambavyo mmea umeshinda. Doa la kuogopa ni lile kubwa lenye maji na pembe.

Lakini nani anatoa amri? Mwaka 1991 Robert De Feyter na Dean Gabriel, huko Florida, walionyesha kwamba bakteria wa pamba anabeba, kwenye kipande kimoja cha ziada cha DNA yake, angalau jeni sita zinazofanana sana. Kila moja ilitambuliwa na baadhi ya zile jeni za B za Knight. Zinafanana pia na jeni iliyoelezwa na mtafiti Ulla Bonas na wenzake mwaka 1989, katika bakteria wa pilipili. Protini zinazotengenezwa na jeni hizi huingizwa ndani ya seli ya mmea kupitia kijirija chembamba anachokijenga bakteria. Zikishaingia huenda moja kwa moja kwenye kiini cha seli, hushika DNA ya mmea, na kuziwasha jeni za mmea kwa faida ya bakteria.

Namna protini hizo zinavyochagua mahali pa kushika ilifumbuliwa mwaka 2009, na makundi mawili kwa wakati mmoja: Jens Boch na Bonas kwa upande mmoja, Matthew Moscou na Adam Bogdanove kwa upande mwingine. Kila protini ina vipande vilivyojirudia, kwa kawaida vya amino asidi 34, na viwili tu kati ya hizo hubadilika kutoka kipande hadi kipande. Hizo mbili huamua ni herufi gani ya DNA itakayosomwa. Protini yenye vipande 17 husoma takriban herufi 17 mfululizo. Mwaka 2017 watafiti wa Texas walionyesha anachokitaka bakteria wa pamba kwa kufanya hivyo: huwasha jeni ya mmea inayosukuma sukari nje ya seli, naye hula.

Utafiti wa pilipili, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuwa umeonyesha jinsi mmea unavyoweza kuugeuza ujanja huo. Pilipili yenye kinga imeweka mbele ya jeni moja ya kifo herufi zilezile ambazo protini ya bakteria huzitafuta. Jeni hiyo haifanyi chochote mmea ukiwa mzima. Bakteria anapoleta protini yake akitafuta pa kushika, anaiwasha mwenyewe, na seli aliyoivamia inakufa mikononi mwake. Ni kama mwizi aliyezoea kufungua ghala kwa ufunguo wake, na siku moja akaukuta mlango ambao, kwa ufunguo huohuo, unakipigia kengele kijiji kizima. Mpunga una jeni ya aina hiyo pia, iliyofafanuliwa mwaka 2005. Jeni za B za pamba hazifanyi kazi zote kwa njia moja, lakini protini zinazoziamsha ni za ukoo huohuo.

Bakteria naye hakai vilevile. Miaka ya 1980 watafiti wa Kifaransa walieleza, kutoka Burkina Faso, bakteria wakali walioweza kuvunja kinga zilizokuwa zikitegemewa, na wa aina hiyo wakaonekana Sudan pia. Jibu lilipatikana ndani ya Afrika kwa mara nyingine: aina ya S295 kutoka Chad ilisimama mbele yao, na jeni yake ikapewa jina la B12.

Kwetu Tanzania, kinga iliyokuwa ndani ya mbegu ilipata pigo ambalo halikusababishwa na bakteria. Mfumo wa zamani ulikuwa na mpangilio mkali. Mbegu mpya ilitoka Ukiriguru, ikaenda Mwanhala, ikaenda Igunga, kisha ikasogezwa eneo baada ya eneo, na kila eneo lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Mbegu ya eneo moja haikuruhusiwa kuvuka kwenda jingine. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wanunuzi walivuka mipaka hiyo kufuata pamba popote ilipokuwa. Bei kwa mkulima ilipata ushindani, na hilo lilikuwa jema. Lakini pamba ya sehemu zenye mnyauko fusari ilichambuliwa pamoja na pamba safi, UK82 ikachanganyika na UK91, na mbegu hiyohiyo ikarudishwa mashambani. Kazi ya miaka 50 ya kuchagua ilipoteza usafi wake katika misimu michache, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Naamini kosa lilikuwa la wale waliopanga mageuzi wakiihesabu mbegu kama bidhaa ya pembeni ya kiwanda.

Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kurudisha utaratibu. UKM08 ilikuja baada ya UK91. Mbegu iliyoondolewa manyoya kwa tindikali imeingia sokoni, na kwa upande wa bakteria hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu manyoya ndiyo maficho yake na tindikali humuua. Igunga na Nzega zimeendelea kutajwa kila mara linapokuja suala la kuzalisha mbegu ya msingi. Na tangu Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, makao yake makuu yako Makutupora, nje kidogo ya jiji la Dodoma, mahali panapojulikana zaidi kwa zabibu. Maana yake ni kwamba maamuzi kuhusu Ukiriguru, Mwanhala na kinga iliyomo katika pamba yetu sasa yanafanyika humuhumu uwandani.

Maamuzi hayo yana ugumu mmoja ambao teknolojia haijauondoa kabisa. Mbegu yenye B2 na B6 na mbegu isiyo nazo zina rangi moja na uzito mmoja, na kiwandani hupita katika mashine moja. Zikishachanganyika, njia ya mkulima kuzitenganisha ni kuzipanda na kusubiri mvua zenye upepo. Njia ya mtafiti, mbali na vipimo vya maabara, bado ni ile ya Knight: kusaga majani yenye ugonjwa katika maji, kuyanyunyiza chini ya majani ya mche mmoja baada ya mwingine, na kurudi siku chache baadaye kuona ni yapi yamelowa na ni yapi yameweka vidoa vikavu vyenye wekundu.